Alama 96

Tunda ndilo tunalompelekea mgonjwa. Ukienda kumjulia hali mzee hospitalini, au mama aliyejifungua, mkononi una machungwa, ndizi, pengine tikiti. Ndiyo maana mkasa wa Colorado, Marekani, wa mwaka 2011 haujanitoka moyoni.

Tarehe 14 Septemba mwaka huo, shamba la Jensen Farms lilitangaza kuziondoa sokoni kantalupu zake, yale matikiti madogo yenye ganda la kukwaruza na nyama ya rangi ya chungwa. Zilikuwa na bakteria aitwaye listeria. Watu 147 katika majimbo 28 waliugua, na 33 wakafa. Wengi walikuwa wazee, watu ambao kila mtu huwasihi wale matunda.

Listeria ana subira ya kutisha. Baridi ya friji huwadumaza bakteria wengi, lakini yeye huendelea kuzaana humo humo, na akishaingia mwilini huweza kukaa hata siku 70 kabla ugonjwa haujajitokeza. Tangazo la kurudisha tunda linapotoka, mara nyingi wa kulirudisha keshalila.

Wachunguzi wa serikali walipofika kwenye banda la kufungashia walikuta maji yametuama sakafuni. Mashine ya kuoshea ilikuwa ngumu kusafisha, na hapo awali ilitumika kwa viazi. Matunda yaliyotoka shambani na joto lake yaliingizwa kwenye chumba cha baridi bila kupoozwa kwanza, hivyo unyevu ukapata nafasi ya kujikusanya juu ya ganda.

Kumbe Julai, siku chache kabla wagonjwa wa kwanza hawajaanza kuugua, mkaguzi binafsi aliyelipiwa na shamba lenyewe alikuwa amepita pale. Aliwapa alama 96 kwa 100. Na ripoti yake iliandika wazi kwamba maji ya kuoshea hayakutiwa dawa ya kuua vijidudu!

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Sikuzote nilidhani maafa ya namna hii huletwa na jambo lililofichika. Hili lilionekana, likaandikwa kwa wino, kisha likamezwa na jumla nzuri. Nasi nyumbani hufanya vivyo hivyo. Mtoto akileta ripoti ya shule, tunakimbilia nafasi aliyoshika darasani. Maneno ya mwalimu yaliyo chini yake hatuyasomi. Mzee akisema kifua kinambana kidogo, tunalishika lile neno "kidogo" na kuendelea na mazungumzo. Siamini tunafanya hivyo kwa ubaya. Tunataka mno mambo yawe salama, na anayetaka hivyo huridhika upesi.

Ndugu wawili wenye shamba walikiri makosa. Januari 2014 walihukumiwa miaka 5 ya uangalizi nje ya gereza, miezi 6 ya kutotoka nyumbani, na fidia ya dola 150,000 kila mmoja. Hakuna aliyedai kwamba walikusudia kuua, na shamba lao lilikuwa limeshafilisika. Nawahurumia kwa dhati. Hata hivyo naikubali hukumu ile, maana hakuna hata mmoja kati ya wale wazee aliyeonyeshwa ripoti ya mkaguzi. Walionyeshwa tikiti tu, wakawaamini waliolipakia.