Bibi Atakaa Wapi?

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi wangu wa Jumamosi,

Nimeombwa niandike kuhusu nyumbani. Nimeona badala ya kusema mengi, niwasimulie habari za nyumba moja tu, ile tuliyomjengea Mama yangu kule Pongwe, Tanga. Najua wengi wenu mnajenga au mmeshajenga nyumbani, na wengine mmeumia katika kujenga. Na mimi niliumia, ila sikuibiwa hata shilingi. Kosa lilikuwa langu.

Nyumba ya zamani ya Mama ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa bati. Baba aliijenga kwa mikono yake kabla sijazaliwa. Choo kilikuwa nje, nyuma ya migomba. Mbele kulikuwa na baraza la saruji lililojaa nyufa, na hapo ndipo Mama alipokuwa akishinda. Asubuhi anachambua mchele, mchana anasuka ukili, jioni jirani wanakuja na habari za mtaa. Mtoto hawezi kupita bila kusema "Shikamoo Bibi", na Mama haitikii marahaba akaishia hapo, lazima aulize mama yako anaendeleaje na mbona jana hukuonekana.

Masika ya mwaka 2017 mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo na ukuta wa nyuma ukaanguka usiku. Mama alikuwa amelala chumba cha mbele, hakuumia. Mimi nilikuwa kazini, zamu ya usiku, hapa Reading. Nilisoma ujumbe wa mdogo wangu nikiwa kwenye korido ya wodi, nikaingia stoo ya mashuka nikalia. Asubuhi nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu, tunajenga.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alipata kiwanja mtaa uleule, mita 20 kwa 30, tukakinunua kwa jina la Mama. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeshachukua uraia wa Uingereza, na wakati huo Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo kwenye karatasi nyumba ilikuwa ya Mama tangu siku ya kwanza. Lakini ramani tuliichagua sisi, tukiwa tumekaa kwenye kochi hapa, tukipitisha picha za nyumba kwenye simu. Vyumba vinne, sebule kubwa, madirisha ya aluminiamu, ukuta wa kuzunguka na geti la chuma. Tukataka na msingi uwe mrefu, karibu mita moja, ili nyumba ionekane kutoka barabarani. Ngazi sita za kupanda mlangoni. Tuliona zinapendeza sana.

Wanafunzi, ujenzi una maneno yake, na nyumba hii ndiyo iliyowafundisha wanangu. Msingi ukiisha, unamwagwa zege la sakafu, mafundi wanaliita jamvi, kama lile la kukalia. Kuta zinapanda kozi kwa kozi, yaani mstari mmoja wa matofali juu ya mwingine. Juu ya madirisha na milango inapita lenta, mkanda wa zege wenye nondo ndani unaoifunga nyumba yote. Kuta zikisimama bila paa, hilo ni boma. Ukianza kuweka kenchi na mabati, unapaua. Mdogo wangu alikuwa akituma picha za kila hatua, na mimi nikiwaita watoto waje waone.

Lakini lazima niseme ukweli kuhusu picha hizo. Sikuwa nikiziangalia kwa furaha peke yake. Nilikuwa nimesikia visa vya watu waliotuma pesa miaka kumi wakaenda wakakuta kichaka. Basi nikawa mkali. Nilidai risiti ya kila tripu ya mchanga. Siku moja mdogo wangu alituma picha ya saruji, akasema mifuko 40. Nikaikuza ile picha, nikahesabu, nikapata 36. Nikampigia saa hiyohiyo, sikuuliza hata salamu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, minne imeshafunguliwa, wanafyatulia matofali." Niliomba radhi, naye akasema hakuna neno. Lakini tangu siku hiyo akawa mtu wa kujibu ninachouliza tu. Nikisema weka hivi, anaweka hivi. Nikafurahi nikadhani kazi imenyooka.

Mwezi wa Mei 2022 boma lilikuwa limefika kwenye lenta. Wiki hiyo, hapa shuleni, niliwapa darasa la wakubwa kazi ya nyumbani: mpigie simu mzee wa familia, zungumza naye kwa Kiswahili dakika kumi, kisha uandike sentensi tano. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka kumi na moja, naye yumo katika darasa hilo. Akampigia bibi yake. Mimi nilikuwa nimelala, nimetoka zamu.

Bibi na mjukuu wana utani wao. Mama humwita binti yangu "mke mwenzangu", na wakianza kucheka huko kwenye simu sisi wengine hatuna nafasi. Kiswahili cha binti yangu wakati ule kilikuwa cha kuungaunga, lakini walielewana.

Jioni nikasahihisha daftari lake. Alikuwa ameandika:

"Bibi hajambo. Bibi amekula muhogo. Bibi anasema nyumba ni nzuri sana. Bibi anasema hajui atakaa wapi. Bibi anasema nisimwambie Mama."

Sentensi ya nne niliipigia mstari mwekundu. Nikaandika pembeni: "Umekosea. Bibi ana chumba chake." Nilidhani hakuelewa. Nilikuwa karibu kufunga daftari nikaiona ile ya tano. Nikamwita.

"Bibi alisemaje hasa?"

"Alisema nyumba ni nzuri, lakini sijui nitakaa wapi."

"Labda alisema kitu kingine."

"Mama, sijakosea. Nilimuuliza mara mbili. Nikamwambia Bibi, utakaa sebuleni, iko kubwa. Akasema hapo ni pa wageni."

Nikamuuliza alisema nini tena. Akaniambia bibi alisema zile ngazi ni nyingi, akishapanda hatashuka tena, na ule ukuta ni mrefu, hatawaona watu. Kisha wakacheka, bibi akamwambia mke mwenzangu njoo unibebe.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Niwaeleze kwa nini iliniuma. Wodi yangu ni ya wazee. Wengi wanaletwa wamevunjika nyonga kwa kuanguka. Kabla mzee hajaruhusiwa kurudi kwake, lazima aulizwe maswali: Kwako kuna ngazi ngapi? Choo kiko umbali gani na kitanda? Mlango unapitisha fremu ya kutembelea? Ukikaa, unakaa wapi, na kiti kina urefu gani? Nani anapita kukuona? Maswali haya nimewauliza wageni wasionihusu kwa miaka mingi, na majibu yao nimeyaandika kwenye faili. Mama yangu alikuwa na miaka sabini na mbili, magoti yanamsumbua, na nilikuwa namjengea ngazi sita. Mlango wa choo chake kwenye ramani ulikuwa sentimita 70. Sikumuuliza hata swali moja.

Neno lenyewe liko wazi katika Kiswahili. Kukaa ni kuketi, na kukaa ni kuishi. Tunauliza "unakaa wapi?" tukimaanisha nyumbani kwako ni wapi. Mama yangu alikuwa amekaa barazani maisha yake yote, kwa maana zote mbili. Sisi tukamjengea nyumba isiyo na baraza.

Nikampigia mdogo wangu. Nilitaka kumlaumu, nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua tangu msingi ulipoinuliwa, Mama alikwenda kuutazama akarudi kimya.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, dada? Ramani yako, hela zako. Nikisema tupunguze msingi ungesema nimeuza mawe."

Sikuwa na jibu, maana kweli ningesema hivyo.

Mama naye nilipompigia alikana kwanza. "Nyumba nzuri mwanangu, Mungu awalipe." Nikamwambia mjukuu wako ameshakusema. Akacheka, kisha sauti ikabadilika. Akasema, "Nyinyi mnakesha kwa ajili yangu. Nitafungua mdomo wapi niseme hiki sikitaki?"

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Pesa tuliyotuma ilikuwa ya mapenzi, lakini ilifika kule ikawaziba watu midomo. Mdogo wangu alinyamaza kwa kuogopa kushukiwa. Mama alinyamaza kwa kuogopa kuonekana hana shukrani. Mtu pekee aliyeambiwa ukweli ni mtoto, ambaye hakutuma hata senti. Na aliweza kuambiwa kwa sababu bibi yake aliweza kuongea naye. Angekuwa anajua Kiingereza tu, wangesalimiana kwa kupungiana mikono kwenye video, na mimi ningemaliza nyumba yangu nzuri.

Agosti mwaka huo tulikwenda wote. Tulipanda basi Dar es Salaam, tukapita Segera na Muheza, tukateremkia Pongwe palepale. Asubuhi yake tulimchukua Mama, mdogo wangu na fundi mkuu, tukasimama ndani ya boma. Nikamwambia binti yangu ashike daftari, na mimi nikamuuliza Mama maswali yangu yote ya wodini, moja baada ya jingine. Kuuliza si ujinga, ila mimi nilikuwa nimechelewa.

Kufika mchana tulikuwa tumekubaliana. Chumba cha mbele kikafa. Ukuta wake wa nje ukavunjwa, nguzo mbili zikasimamishwa kushika lenta, pakawa baraza. Ngazi zikabaki, lakini pembeni tukaongeza njia ya mteremko. Hapo nilijua hesabu kutoka kazini: kwa kila sentimita moja ya kupanda, unahitaji sentimita 12 za urefu, la sivyo mteremko unakuwa mkali kwa mzee au kwa kiti cha magurudumu. Msingi wetu wa mita moja ukala mita 12, mteremko ukakunja kona ya nyumba, katikati tukaacha sehemu tambarare ya kupumzikia. Mlango wa choo ukapanuliwa hadi sentimita 90, tukapanga na vishikio ukutani. Na ukuta wa kuzunguka, upande wa barabarani, ukaishia kiunoni. Mume wangu alisikitikia lile geti la chuma. Mpaka leo hatujalinunua.

Mabadiliko hayo yalikula akiba yetu na zamu zangu za ziada za miezi mitano. Tulipaua mwaka 2023 badala ya 2022. Dari ya sebule haijakamilika, na vyumba viwili bado havina vigae. Mtu akipita haoni nyumba ya watu wa Ulaya.

Mama alihamia Julai 2023. Usiku wa kwanza alirudi kulala nyumba ya zamani, akasema kuku hawajazoea. Usiku wa pili vilevile. Siku ya tatu alibeba mkeka wake mwenyewe, akapanda ule mteremko polepole, akakaa barazani. Mdogo wangu alinitumia picha bila kuombwa. Mama anachambua mchele, na nje ya ukuta mfupi kuna mtoto wa jirani amesimama na ndoo. Sikuikuza picha hiyo kuhesabu kitu.

Na lile daftari ninalo. Nimeufuta mstari mwekundu kadiri nilivyoweza, lakini bado unaonekana.

Wazazi, kama mnajenga, nawaomba kabla ya kutuma pesa ya hatua inayofuata mpeni mtoto simu aongee na bibi yake, na nyinyi mtoke chumbani.

Wanafunzi, kazi ya nyumbani ya wiki hii ni ileile. Mpigie bibi, babu au mzee yeyote wa familia. Muulize: Unapenda kukaa wapi, na kwa nini? Kutoka hapo unamwona nani? Kitu gani nyumbani kwako kinakusumbua? Andika sentensi tano, kama alivyosema yeye. Mwalimu akikwambia umekosea, na wewe una hakika, mwambie hujakosea.