Hodi ya Vinanda

Mgeni wa pwani akifika mlangoni hupiga hodi, na aliyemo ndani huuliza: nani? Mgeni hutaja jina lake, akafuatisha la baba na pengine la ukoo, ndipo komeo litolewe. Vinanda vya umeme navyo vina adabu kama hiyo.

Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko Anaheim, California, Prophet-600 ya Marekani iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Japani. Kimoja kikapigwa, cha pili kikaitika. Lugha waliyosemeshana ndiyo MIDI, na waasisi wake wakuu ni Dave Smith na Ikutaro Kakehashi. Baadaye lugha hiyo ikapata na swali la utambulisho. Programu ya muziki iliyomo katika kompyuta hutuma namba sita: 240, 126, 127, 6, 1, 247. Ya kwanza hufungua usemi na ya mwisho huufunga. 127 huwaita wote walioko. 6 na 1 kwa pamoja huuliza, u nani? Sinthesaiza iliyofunzwa kujibu humtaja kwanza mtengenezaji wake (65 ni Roland, 66 ni Korg, 67 ni Yamaha), kisha familia yake, kisha nafasi yake katika familia hiyo, na mwisho toleo lake.

Ila waya wa MIDI wa asili hupeleka upande mmoja tu. Swali likienda kwa waya mmoja, jibu sharti lirudi kwa mwingine. Mpigaji akiusahau wa pili, kinanda hujibu na jibu lisifike, programu ikadhani nyumba haina mtu. Tena si vyombo vyote vilivyofunzwa kujibu. Kimya chao si dalili ya kutokuwepo.

Na hata jibu likifika, hilo ni nasaba, si sauti. Mwaka 1991 iliwekwa orodha ya pamoja, General MIDI, yenye sauti 128, ili vinanda vya watengenezaji mbalimbali vielewane. Namba 1 ni piano. Namba 13 ni marimba na 109 ni kalimba, majina mawili ya Kibantu yaliyokaa kitako baina ya wageni. Akodiani imo, na fidla imo. Lakini udi haumo, wala kanuni haimo, nazo ndizo zilizoilea taarabu. Baadhi ya watengenezaji wameziongeza sauti hizo katika hazina zao wenyewe. Anayebaki ndani ya orodha hana budi kuazima gita, namba 25, akaliita udi.

MIDI 2.0, iliyopitishwa mwaka 2020, imeyafanya mazungumzo kuwa ya pande mbili: chombo huulizwa jina, na huulizwa pia kinaweza nini. Swali hilo la pili ndilo lililokuwa likikosekana. Kwani udi wenyewe, uliotundikwa ukutani, hauna namba ya kutaja. Ukiulizwa u nani, hujibu pale tu mkono unapoushika.