Wosia kwa Wajukuu wa Kibimba

Wajukuu zangu,

Mmeniuliza mara nyingi habari za jela, nami nikawa nawafukuza. Sasa miguu imekataa kazi, na sitaki kuondoka na jambo hili kifuani.

Kijana wa huku akikamatwa, iwe kwa mbuzi wa jirani, ugomvi wa kilabuni au kuingia hifadhi ya Burigi, hukumu huwa haimsumbui kwanza. Anaogopa usiku, na watu wazima atakaolala nao. Ana haki ya kuogopa. Nilipokaa mahabusu, gereza silitaji, niliona mvulana akinyang'anywa blanketi jioni ileile aliyoingia. Aliyeamuru ni nyapara, mfungwa kama yeye. Lakini nilimwona pia mzee akisukumiwa penye ndoo ya haja, vijana wakinywa uji wake. Kwa hiyo msiseme wakubwa ndio wabaya. Mle ndani mvi hazimwokoi mtu; anayetawala ni mwenye misuli na aliyetangulia kuingia.

Sheria ipo, tena nzuri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na asihukumiwe kifungo. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka vijana watengwe na watu wazima, na mfungwa asipewe mamlaka ya kuwaadhibu wenzake. Hata hivyo, mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa ripoti ya ukaguzi wake: watoto walikutwa wamechanganywa na watu wazima magerezani.

Wanafikaje huko? Njia moja ni tarakimu kwenye karatasi. Mwenye miaka 16 ana sauti nzito, anaandikwa 18, naye ananyamaza; wengine hata hujisifu kuwa wakubwa, upumbavu mtupu. Hakimu akiona huenda ni mtoto anapaswa kuuchunguza umri wake. Atauchunguza kwa lipi, kama nyumbani kadi ya kliniki imeliwa na panya?

Basi tunzeni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo. Ukikamatwa, taja umri wako wa kweli kituoni, urudie mbele ya hakimu, uombe afisa ustawi wa jamii aitwe. Ukionewa ndani, mwambie mkuu wa gereza au ndugu anayekuja kukuona. Nawe uliyevuka 18, usijipendekeze kwa nyapara ili upate wa kumwonea.

Wazazi wenu nao wasikie: mtoto akipewa dhamana, mtoeni siku hiyohiyo. Habari ya "acha akae ajifunze" siitaki ukooni mwangu. Atajifunza kwa nani, kwa waliomnyang'anya blanketi?

Miongoni mwenu wapo wadogo wasio na cheti hadi leo. Wakubwa, wapelekeni Ngara mjini wakaandikishwe, nikiwa bado hai niwaone wakirudi navyo.

Babu yenu