Makanga Hataji Vituo kwa Alfabeti

Panda matatu ya Thika pale mjini. Makanga atakutajia Pangani, Muthaiga, Roysambu, Githurai, Ruiru, Juja, ndipo Thika. Sasa hebu panga majina hayo hayo kwa alfabeti. Githurai inatangulia, Juja inafuata, halafu unarudishwa nyuma Muthaiga na Pangani. Hakuna jina lililokosewa, lakini mgeni wa barabara hiyo ameshapotea.

Hilo ndilo hunikera nikisoma miongozo ya programu ndani ya Emacs. Hii ni programu ya kuandikia iliyoanza mwaka 1976, na ndani yake mna kisomaji cha miongozo kiitwacho Info. Nakipenda kwa sababu ya mfuko wangu. Miongozo imekaa ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hivyo bando ikiisha saa nne usiku, masomo yanaendelea.

Kurasa za Info zimejaa marejeleo, yaani yale maneno ya "tazama sehemu fulani" yanayokupeleka ukurasa mwingine. Ukibonyeza herufi f, unaulizwa unataka kufuata rejeleo lipi. Kama kishale kiko karibu na rejeleo moja, unapendekezewa hilo. Ukibonyeza Tab, inafunguka orodha ya marejeleo ya ukurasa mzima, na kwa kawaida imepangwa kwa alfabeti.

Mbona niite hiyo shida? Niliielewa vizuri nilipoanza kusoma na binamu yangu. Alimaliza shule, karo ya chuo ikakosekana, na sasa anajifunza programu kwa kompyuta yangu kuukuu. Miongozo yenyewe ni ya Kiingereza, majina ya vitu ni mageni, na hakuna mwalimu wa kumuuliza. Jioni moja aliitazama ile orodha kwa muda, akaniambia, "Sasa nitatafutaje jina la kitu ambacho bado sijakisoma?"

Sikuwa na jibu la haraka, lakini swali lake limesema yote. Alfabeti humfaa anayejua tayari jina la anachotafuta. Mwanafunzi hajui jina. Anachokumbuka ni mahali: kile kitu kilitajwa mwanzoni, kabla ya ule mfano mrefu, au kile cha mwisho kabisa kwenye aya ya pili. Mwandishi wa mwongozo aliyataja mambo kwa mfuatano huo kwa sababu moja linamwandaa msomaji kwa lingine. Ukiyapanga upya kwa herufi, umemnyima mwanafunzi msaada pekee aliokuwa nao.

Sisemi alfabeti itupwe. Info ina amri ya i ya kutafuta kwenye faharasa, na huko unaingia ukiwa na neno lako mkononi. Hata kamusi zetu za Kiswahili zinafuata alfabeti, lakini kwa akili: "kupika" utaitafuta kwenye P, si kwenye K, la sivyo vitenzi vyote vingerundikana chini ya "ku". Waliozitunga walijiuliza kwanza msomaji anakuja akitafuta nini.

Info yenyewe inaujua mfuatano wa ukurasa. Ukiwa kwenye menyu, bonyeza 1 upelekwe kipengele cha kwanza, 2 cha pili, hivyo hivyo hadi 9. Hapo hakuna anayekuuliza jina. Basi marejeleo nayo yastahili heshima hiyo: la kwanza ukurasani liwe la kwanza kwenye orodha.

Dawa si ngumu. Tangu toleo la 29, lililotoka mwaka 2023, Emacs ina chaguo liitwalo completions-sort. Ukiliweka kuwa nil, orodha haipangwi upya. Inabaki kwa mfuatano ilivyokabidhiwa. Mtengenezaji wa programu naye anaweza kuamua mpangilio wa orodha yake mwenyewe, bila kumngoja msomaji agundue chaguo lililofichika.

Na hapo ndipo uzito ulipo. Anayejua kubadilisha mipangilio ni yule aliyekwisha kusoma mwongozo. Binamu yangu bado yuko ukurasa wa tatu. Ule mpangilio wa kwanza, anaoukuta kabla hajagusa chochote, ungefikiriwa kwa ajili yake.