Cherehani ya Masaka

Jioni ile niliona mtu amejitwika mlango. Mlango mzima wa mbao, bawaba zinaning'inia, na juu yake godoro la mtoto lililolowa mvua. Alikuwa mdogo wake Bibi, aliyekuwa na kibanja chake ng'ambo ya mto Kagera. Nyuma yake alifuata mkewe na watoto wanne, na nyuma yao watu wengine wengi, wengine wakiswaga mbuzi, wengine mikono mitupu. Bibi alipomuuliza kwa nini amebeba mlango akaacha chakula shambani, alisema, "Dada, walianza na ng'ombe, wakaja kwenye mabati, sasa wanang'oa milango. Huu hawaupati."

Ilikuwa mwisho wa Oktoba 1978. Nilikuwa darasa la tano. Kijiji chetu kiko kusini ya mto, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka daraja la Kyaka, katika mkoa uliokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera tulipewa baada ya vita.

Tarehe 30 mwezi ule askari wa Iddi Amin wa Uganda waliingia kwa wingi wakateka nchi yote iliyo kati ya mpaka na mto, kama kilomita za mraba 1,800. Ukitazama ramani utaona ilikuwaje. Wajerumani na Waingereza walichora mpaka kwa kufuata nyuzi 1 kusini ya ikweta, mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Mto haukufuata rula. Unapinda ukaingia kwetu, kisha unageuka kurudi kaskazini kuelekea ziwani. Amin akatangaza kwamba mto ndio mpaka, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Waliobaki upande wa pili walibaki na askari wale. Wengi waliuawa. Kiwanda cha sukari kiliporwa, na ng'ombe walipelekwa Uganda kwa maelfu.

Tarehe 2 Novemba tulikusanyika kwa katibu wa tawi kumsikiliza redioni Mwalimu Nyerere akizungumza na wazee wa Dar es Salaam. Alisema kumpiga Amin sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Watoto tuliyashika maneno hayo siku hiyohiyo, tukayaimba tukichimba handaki nyuma ya darasa. Nasema kwa moyo wote kwamba sababu ilikuwepo. Niliiona imejitwika mlango.

Novemba ndio msimu wa senene kwetu. Mwaka ule walikuja wengi, wakatanda kwenye nyasi za rweya, lakini Mama hakuturuhusu kwenda kuwaokota alfajiri. Usiku taa zilikatazwa. Tulilala watu kumi na wanane katika nyumba ya vyumba vitatu, tukisikiliza mizinga mbali, na mdogo wake Bibi alilala juu ya mlango wake.

Wakubwa walikuwa wakizungumza gizani, na humo nilisikia mambo ambayo mwalimu hakutufundisha. Kwamba ugomvi haukuanza mwaka ule. Amin alipompindua Milton Obote Januari 1971, Mwalimu alikataa kumtambua, na Obote akakaa Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutokea kwetu ili wakamwondoe Amin, wakashindwa, na Amin akajibu kwa kuipiga Bukoba mabomu ya ndege. Bibi alikuwa sokoni siku ile. Hakuwa mtu wa siasa, ila alisema jambo moja gizani ambalo nimelishika hadi leo: ukimpa hifadhi adui wa jirani, mwambie mwanao kwamba ulimpa, ili siku jirani akija na rungu mtoto ajue lilikotoka. Hakuwa anamtetea Amin. Alikuwa na wafu wake ng'ambo ya mto na aliwalilia kwa majina.

Baba mdogo alikuwa mgambo. Aliondoka Desemba, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa hajawahi kwenda mbali kuliko Mwanza. Jeshi lilikwisha kuvuka mto na kulirudisha eneo letu, na wengi walidhani mambo yataishia hapo. Hayakuishia. Januari 1979 jeshi lilivuka mpaka likauteka mji wa Mutukula, na hapo ndipo penye sehemu ya habari tunayoipita kwa haraka. Mutukula ulisawazishwa kwa tingatinga na raia waliuawa kulipiza kisasi cha ndugu zetu. Mwalimu mwenyewe alipopata habari zile alisikitika, akaagiza raia na mali zao waheshimiwe. Mwishoni mwa Februari jeshi likaingia Masaka, na sehemu kubwa ya mji ule ikawa magofu.

Masaka ndiko ilikotoka cherehani.

Baba mdogo alirudi kwa ruhusa ya siku nne, amekonda, na blanketi la kijeshi begani lililofungwa kamba. Alilifungua uani mbele yetu sote. Ndani kulikuwa na kichwa cha cherehani, cheusi, chenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofifia pale mkono wa fundi ulipokuwa ukipita kila siku. Uzi mwekundu ulikuwa bado umepitishwa kwenye sindano. Tulipiga kelele za furaha. Kijijini petu cherehani zilikuwa mbili tu.

"Mama, nimekuletea cherehani."

"Umeinunua kwa nani?"

"Ni ya vita, Mama. Mji ulikuwa mtupu. Ilikuwa barazani peke yake."

Bibi aliinama akakishika kile kichwa cha chuma, akakigeuza taratibu. Chini yake mtu alikuwa amekwaruza herufi mbili kwa msumari. Akapitisha kidole juu yake kama kipofu. Kisha akamtazama mdogo wake, yule wa mlango, aliyekuwa amekaa kizingitini bila kusema neno.

"Vita havishoni, mwanangu. Hii ni ya mtu."

Hakukubali iingie ndani. Baba mdogo alikasirika, akasema yeye amelala kwenye matope, amewazika wenzake, na wale watu wametutenda mengi zaidi. Yote hayo yalikuwa kweli. Bibi alimpikia ndizi na samaki, akamwosha miguu kwa mikono yake kama mtoto mchanga, akalia alipoviona vidonda. Cherehani ikalala kwenye banda la kahawa. Siku ya nne kijana akaondoka kurudi vitani, akaiacha palepale.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni jeshi letu likafika mpaka wa Sudan. Tulicheza ngoma hadi asubuhi. Wazee walikunywa rubisi, na mimi nikapewa kionjo. Sijutii furaha ile hata kidogo, kwa sababu mtu aliyeua watu wake kwa miaka minane alikuwa amekimbia.

Lakini Julai ile, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika huko Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu hadharani kwa kuingia nchi ya watu na kuiondoa serikali yake. Nilipokuwa kijana niliwaona wanafiki, maana umoja uleule wa nchi za Afrika haukumkemea Amin alipotuvamia. Sasa ni mtu mzima, na nadhani swali lao lilikuwa la haki hata kama vinywa vilivyouliza havikuwa na haki ya kuuliza. Ukishavuka mpaka kumwondoa mtu, ni nani atakayekaa pale, na kwa ridhaa ya nani? Yusuf Lule alikaa siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, watu wakaukataa, na Uganda ikaingia vita vya msituni hadi Januari 1986. Waliokufa Luwero katika miaka ile hawamo katika hesabu ya vita vyetu.

Kwetu Mwalimu alituomba tukaze mikanda kwa miezi 18. Miezi ilipita na mikanda ikabaki pale pale. Tulipanga foleni ya sukari wakati kiwanda cha sukari tulikuwa tunakiona kwa macho, kimya. Tulifua kwa majani ya mpapai. Pia ugonjwa uliokuja baadaye, ambao watu wetu waliuita Juliana kwa jina la nguo za magendo kutoka Uganda, ulimchukua Baba mdogo na mkewe. Sisemi vita ndivyo vilivyouleta, maana sina ushahidi. Nasema uliwakuta watu waliokwisha kutikiswa.

Kabla hajafa, Baba mdogo alimwita Bibi. Nilikuwepo. Hakuzungumza habari ya ushujaa wala ya bunduki. Aliuliza ile cherehani bado ipo.

Mwaka jana mjukuu wangu alikuja na zoezi la historia: taja sababu tano za Vita vya Kagera. Alizitaja zote vizuri, na mwalimu akampa alama zake zote. Nilifurahi naye. Kisha nikamwuliza kama wamefundishwa kilichotokea Mutukula. Akasema Mutukula ni pale mabasi ya Kampala yanapopita. Nikamketisha nikamsimulia kuanzia mlango hadi Masaka, na nikamwambia Baba mdogo alikuwa mtu mwema aliyekwenda kupigana kwa sababu ya haki, na akarudi na mali ya mtu, na kwamba yote mawili ni yeye. Sitaki apewe nusu. Mtoto anayejua sababu na ushindi tu, siku akiambiwa tena kuwa sababu tunayo, atauliza nini?

Aliomba kuiona cherehani. Nikamtolea. Uzi umegeuka rangi ya kutu.

Nilijaribu kuirudisha mara moja, mwaka 1996, baada ya kumzika Bibi. Niliifunga kwenye blanketi lilelile, nikapanda gari hadi mpakani. Afisa wa forodha, kijana mwenye adabu, aliifungua mezani akaisifu, akasema siku hizi hazitengenezwi imara namna hii. Akaniuliza risiti. Nikamwambia haina risiti, kwamba naipeleka kwa mwenyewe, Masaka.

Akashika kalamu akavuta fomu.

"Sawa, mzee wangu. Jina la mwenyewe?"

Nikamwonyesha zile herufi mbili.