Upepo wa Sekunde za Mwanzo

Mji wa Babati umekaa baina ya mlima na ziwa. Upande mmoja umesimama Kwaraa, wenye urefu wa mita 2,415 kutoka usawa wa bahari, uliovikwa msitu wa Ufiome kama kanga iliyofungwa kiunoni; upande wa pili limetandaa Ziwa Babati, lenye viboko wake na mitumbwi ya wavuvi. Baina ya viwili hivyo hupita barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Tangu Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, mji huu ndio makao makuu ya mkoa, na watu wameuhamia kutoka kila upande, wakaishi pamoja na Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig na Warangi walioutangulia.

Miongoni mwa waliohamia alikuwa mwalimu mmoja wa fizikia, Mpemba, mtoto wa mchuma karafuu. Alipata kazi katika shule moja ya sekondari pale mjini, akapanga chumba ambacho dirisha lake linautazama Kwaraa. Miezi ya mwanzo aliona taabu kulala mahali pasipo na sauti ya maji. Baadaye aligundua kwamba upepo ushukao mlimani usiku huvuma katika migomba kwa sauti isiyo mbali na ile ya mawimbi yanayopwa, na usingizi ukamrudia.

Siku moja, katika somo la mwendo, mvulana wa kidato cha tatu alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mtu akiruka kutoka jabalini, akajinyoosha kama ndege, atafika mbele umbali gani kabla hajafika chini?"

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka, kwa kuwa alikuwa amesimama karibu na dawati la mvulana yule na daftari lilikuwa wazi. Ndani yake palichorwa mtu mwenye mbawa, na pembeni pameandikwa hesabu ya viroba vinavyohitajika kuzishona. Chini ya mchoro lilikuwapo neno moja: Magara.

Magara ni mahali ambapo ukuta wa Bonde la Ufa unajionyesha pasi na haya. Mtu akitoka Babati kwenda Arusha, akifika Mbuyu wa Mjerumani huiacha barabara kuu, akashika njia ya Mbulu. Na njia hiyo hupanda ukuta huo kwa mizunguko ambayo dereva mgeni huivuka akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Kwao mvulana kulikuwa chini ya ukuta huo. Tangu utoto wake alikuwa akiwatazama tumbusi wakitoka juu, wakapita juu ya paa lao bila ya kupiga bawa hata mara moja, wakapotelea upande wa Ziwa Manyara. Kisha akaona, katika simu ya kaka yake, binadamu akifanya kama wao.

Mchezo alioutazama una jina la herufi nne, BASE, zilizochukuliwa katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya jengo, mlingoti, daraja na ardhi, ndizo sehemu nne ambazo mtu huzirukia kwa parachuti bila ya kuhitaji ndege. Aliyeupa nguvu ni Mmarekani Carl Boenish, ambaye mwaka 1978 alipiga filamu ya wenzake wakiruka kutoka jabali la El Capitan huko California. Mwenyewe alifariki mwaka 1984 katika ukuta wa Trollveggen nchini Norwei. Wala Afrika Mashariki haikubaki nje ya habari hii. Mwaka 2015 Mrusi Valery Rozov, akiwa amevaa vazi la mbawa, aliruka kutoka Kilimanjaro, mahali penye kimo cha mita 5,460 hivi, akateremka salama. Ndiye huyo mvulana aliyemwona simuni.

Mwalimu angeweza kumkemea. Angeweza kuichana karatasi ile, au kumpeleka kwa mwalimu wa nidhamu, na darasa lote lingesema amefanya sawa. Lakini aliijua tabia ya swali lisilojibiwa: halifi, huenda likajitafutia jibu lake lenyewe gizani. Akachukua chaki.

"Umbali," alisema, "si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni kwamba kwa muda fulani hutakwenda popote ila chini."

Akaandika ubaoni. Katika sekunde ya kwanza mtu huanguka kiasi cha mita 5. Zikitimia sekunde mbili ameshashuka mita 20. Zikitimia tatu, mita 44. Zikitimia nne, zaidi ya mita 70. Katika muda wote huo, kinachompeleka mbele ni ule msukumo wa miguu yake tu alipoliacha jabali, nao humtenga na ukuta kwa mita 10 au 15 hivi. Mikono akiinyoosha, asiinyooshe, ni karibu mamoja, kwa sababu hewa haimbebi mtu ila akiipita kwa kasi.

Hapo mwalimu alikumbuka kwao, akawapa wanafunzi wale wa bara mfano wa baharini. Jahazi likiwa limesimama, nahodha anaweza kuuzungusha usukani mpaka achoke, na chombo kisigeuke hata shubiri. Usukani hushika pale maji yanapoupita. Chombo kisichokwenda hakina nahodha, hata awe ameshika usukani nahodha bingwa wa pwani nzima. Na arukaye jabalini, katika sekunde za mwanzo, ni chombo kisichokwenda.

Kasi ikishapatikana, mambo hubadilika. Hapo mrukaji huirudisha mikono nyuma kando ya kiwiliwili, viganja vikitazama chini, akainyoosha miguu, akayakunja mabega kidogo kwa mbele, hata mwili wote ukawa kama tanga lililoshiba upepo. Hewa inayompanda kutoka chini humgonga kifuani na tumboni, ikageuzwa nyuma, naye akasukumwa mbele. Yaani anguko lenyewe ndilo linalogeuzwa safari. Kwa mavazi ya kawaida, mjuzi hupata karibu mita moja ya mbele kwa kila mita ya kushuka. Wenye mavazi yaliyoshonwa kujaa hewa hupata zaidi. Wenye mavazi ya mbawa, kama lile la Rozov, hupata mita mbili na nusu, pengine tatu.

"Basi jabali la mita 1,000?" aliuliza mvulana, ambaye sasa alikuwa amesimama.

Mwalimu akapiga hesabu mbele yao. Katika mita 1,000, mita 200 za mwisho ni za parachuti, haziguswi. Mita 150 hivi za mwanzo huliwa na lile anguko lisilo na usukani. Zinabaki 650. Mwili mtupu ulionyooka vyema utazigeuza kuwa mita 600 au 700 za mbele. Vazi la mbawa litazigeuza kuwa kilomita moja na nusu au zaidi. "Na tumbusi?" likauliza darasa. Tumbusi ana habari nyingine. Mwanasayansi Colin Pennycuick, aliyewachunguza ndege wa Afrika Mashariki, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaruka pamoja nao katika anga ya Serengeti kwa ndege ndogo, alikadiria kuwa tumbusi huenda mita 15 kwa kila mita anayoshuka. Toka kilele cha Kwaraa, kilicho mita 1,000 hivi juu ya mji, tumbusi atauvuka mji wote, masoko na misikiti na makanisa yake, kabla hajahitaji kupiga bawa.

"Na mtu toka Kwaraa?"

Wote wakageuka dirishani. Mlima ulikuwa umejitandaza kwa upole, kijani juu ya kijani. Mwalimu aliwaambia jambo ambalo lilimchukua yeye mwenyewe muda kuliamini: mlima wa upole ndio hatari zaidi kwa mrukaji. Ukuta uliosimama wima huondoka mbele ya mtu na kumwachia nafasi. Mlima unaoteremka taratibu humfuata. Kwa kila mita anayoshuka, wenyewe umesogea mbele mita mbili au tatu. Yeye anakwenda moja. Hatafika hata kwenye mashamba ya chini. Ataupata msitu ungali umemngoja. Na ukuta wa Magara, pamoja na ukali wake wote, si ukuta uliochongwa wima kwa timazi. Una mabega, una miamba iliyotokeza, una miti iliyoota kwa kujipachika. Ndiyo maana wenye kufanya mchezo huu hawaulizi kwanza watafika mbali gani. Huuliza ukuta unakwenda wapi.

Kisha akawasimulia mwisho wa Rozov. Mtu yule, aliyeruka Kilimanjaro akateremka salama, na kabla yake aliyeruka mwaka 2013 kutoka Changtse, karibu na Everest, kwenye kimo cha mita 7,220, aliruka mwezi Novemba 2017 kutoka Ama Dablam nchini Nepal, akaligonga jabali, akafa. Haukuwa upungufu wa ujuzi. Wachache duniani waliokuwa na ujuzi kama wake. Ila juu kule hewa ni nyepesi, huchelewa kumshika mtu, na ukuta haukungoja.

Kengele ikalia. Wanafunzi wakatoka. Mvulana akabaki.

"Mwalimu, mimi sikuwa nataka kutoka juu kabisa. Nilitaka mahali pafupi kwanza. Pa kujaribia."

Mwalimu alimtazama kwa muda, kisha akamwambia alete viroba vyake kesho.

Siku ya pili, baada ya vipindi, walipanda wawili kwenye mnara wa tangi la maji la shule, wenye kimo cha mita 10. Walichukua mfuko wa mchanga, wakaufunga mbawa za viroba ambazo mvulana alikuwa ameshazishona, na hapana budi kusema kwamba zilishonwa vizuri, kwa mkono wa mtu aliyekusudia. Mvulana akausukuma kwa nguvu zake zote. Mwalimu akashika saa ya simu.

Mbawa zilitoa mlio mmoja, kama bendera inayokung'utwa. Mfuko ukapasuka chini. Walishuka, mvulana akapima kwa miguu kutoka shina la mnara: hatua mbili.

"Muda?" akauliza.

"Sekunde moja na nusu."

Mwalimu hakuhitaji saa kuujua muda huo. Alikuwa na umri wa miaka tisa, katika kijiji kilicho nje ya Wete, msimu wa karafuu, amekaa juu ya jamvi akichambua vikonyo, pale tawi lilipovunjika. Matawi ya mkarafuu ndiyo tabia yake: hayapindi kama ya mwembe, hukatika. Baba yake alikuwa juu, kiasi cha mita 10. Alizikwa alasiri ile ile. Na katika siku za matanga, na miaka mingi baada ya matanga, watu wema waliokuja kuwafariji walikuwa na maneno yao: angelishika tawi la chini, angelijirusha upande wa mgomba, angelitanua mikono. Mama hakuwajibu. Mtoto aliyasikia yote, akayahifadhi, na akakua akiamini, bila ya kumwambia yeyote, kwamba palikuwa na jambo ambalo baba yake angeweza kulifanya na hakulifanya. Yumkini ndilo lililompeleka kwenye fizikia, ingawa katika fomu za chuo aliandika sababu nyingine.

Hesabu alikuwa anaijua tangu zamani. Ni hesabu ya kidato cha tatu. Lakini hakuwahi kuifanya kwa mti ule. Aliweza kuifanya kwa El Capitan na kwa Kilimanjaro. Sasa ilikuwa imefanyika mbele yake, kwa mfuko wa mchanga, na jibu lilikuwa limepimwa kwa miguu ya mtoto wa watu.

Alikaa juu ya jiwe, akamsimulia mvulana habari ya mkarafuu. Alimsimulia kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mfano wa somo. Mvulana alisikiliza, ameinamisha kichwa, kisha akauliza, kwa adabu, swali ambalo mwalimu alilingoja:

"Na kama angekuwa na mbawa, Mwalimu? Nzuri kuliko hizi?"

"Sekunde moja na nusu, mwanangu. Upepo ungekuwa bado haujamjua."

Walikaa kimya. Kwaraa ulikuwa umeanza kuvaa kivuli. Juu yake, mbali sana, tumbusi wawili walikuwa wakizunguka katika joto la mwisho la siku. Mvulana akaanza kuzifumua mbawa zake uzi kwa uzi, bila ya kuambiwa, akivikunja viroba kimoja kimoja, kwani vilikuwa vya mama yake na mahindi yalikaribia kuvunwa. Alipomaliza akalifungua daftari, akaukata kwa mstari mmoja mchoro wa Magara, na chini yake akaandika safu mbili za namba: sekunde upande huu, mita upande ule. Akauliza kama kuna mahali mtu anaweza kujifunza kuruka kwa njia ya sawasawa. Mwalimu akamwambia kuwa Kenya, huko Iten, juu ya Bonde la Kerio, watu hupaa kwa miavuli ya kitambaa ipitayo taratibu juu ya bonde, na kwamba hujifunza kwanza uwanjani, miguu ikiwa chini.

Usiku ule mwalimu alimpigia simu mama yake, Pemba. Walijuliana hali, wakazungumza habari za mvua na za karafuu. Kisha akamwambia kwamba ameipiga hesabu ya mkarafuu ule, na kwamba hapakuwa na la kufanya. Si tawi, si mgomba, si mikono.

Mama alinyamaza kidogo.

"Nami nilikuwa nikijua," akasema. "Nilikuwapo."

Nje, upepo wa Kwaraa ulikuwa umeshuka na kuingia katika migomba.