Jicho Halipimi Dawa

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo imezoeleka masikioni hata ikasahaulika moyoni, mpaka siku imgonge mtu mlangoni mwake. Ndivyo ilivyompata mke wa koplo mmoja wa polisi, katika kambi moja mashariki mwa Uganda, wakati wa mvua za masika.

Nyuma ya kota yao palikuwa na mistari minane ya nyanya na kitalu kidogo cha dodo. Bustani hiyo ndiyo iliyoziba pengo la mwisho wa mwezi: sabuni, chumvi, na ada ya watoto. Mvua ilipozidi, ukungu uliingia majanini. Alhamisi mama huyo alikwenda dukani, akauziwa unga wa mankozebu uliopimwa katika mfuko wa nailoni, na dawa ya wadudu iitwayo dimethoeti katika chupa ya soda. Alivichanganya ndani ya bomba la mgongoni, akapuliza mpaka majani yakatona. Maji ya kusuuzia bomba aliyamwaga kwenye dodo.

Jumamosi nyanya zilikuwa zimeiva na kung'aa. Mpishi wa mesi ya kambi alikuwa ameagiza masanduku mawili kwa chakula cha Jumapili. Mama alikuwa ameinama na kapu mkononi bwana shamba alipopita.

"Mama, ulipuliza lini?"

"Juzi, bwana shamba. Lakini mvua ya jana imekwisha kuziosha. Tazama, hazina hata vumbi."

"Jicho halipimi dawa, mama," alijibu yule bwana, akaketi juu ya debe kumweleza.

Alimwambia kwamba wataalamu wanaotaka kujua dawa hukaa muda gani katika mboga hawatazami rangi. Hupuliza shamba kwa kipimo maalumu, wakachuma mboga chache kutoka mistari mbalimbali mara dawa inapokauka. Kisha huchuma tena baada ya siku 1, siku 3, siku 7, na kuendelea. Kila fungu hukatwakatwa, likatikiswa pamoja na kimiminiko kinachovuta dawa kutoka ndani ya mboga, na maji yake yakapitishwa katika mashine inayoweza kuona hata sehemu ndogo sana ya miligramu. Udongo nao hupimwa vivyo hivyo.

Hesabu yake hufuata desturi moja: dawa hupungua kwa nusu, kisha nusu ya ile nusu. Tuseme kilo moja ya nyanya ina miligramu 8 siku ya kupuliza, na dawa hupungua nusu kila siku 3. Siku ya 3 zitabaki 4, siku ya 6 zitabaki 2, na siku ya 9 itabaki 1. Ikiwa kiwango kinachoruhusiwa ni miligramu 1, basi anayechuma siku ya pili hula zaidi ya mara tano ya kiwango hicho. Viwango vya namna hiyo huwekwa na tume ya Codex, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa.

"Na mvua je?" mama aliuliza.

Mvua huondoa sehemu ya dawa iliyokaa juu ya ganda. Lakini dimethoeti huingia ndani ya mmea na kusafiri pamoja na utomvu wake. Haioshwi kwa maji. Mankozebu hukaa zaidi juu, na kuosha husaidia. Lakini inayobaki, ikipata moto wa sufuria, hugeuka kuwa kitu kingine kiitwacho ETU, ambacho katika majaribio ya wanyama kimeonekana kudhuru tezi ya shingo. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendeleza idhini ya dimethoeti mwaka 2019, na ya mankozebu mwaka 2020. Kuhusu dodo, bwana shamba alisema kwamba vijidudu vya udongo huivunja dawa, lakini nao wanahitaji muda, unyevu na mboji. Wakimwagiwa dawa nyingi mahali pamoja, kazi huwazidi.

"Karatasi ya maelezo i wapi?" aliuliza mwishowe.

Karatasi ilibaki dukani, kwenye kopo lenyewe. Mama alirudi huko kwa miguu, akamwomba mwenye duka amsomee. Kopo moja lilisema asubiri siku 7, jingine siku 14. Bwana shamba alikuwa amemwambia kwamba dawa zikichanganywa, siku zilizo nyingi ndizo sheria.

Koplo aliporudi kutoka zamu alikunja uso. "Mama watoto, mesi wanangoja, na mshahara haujatoka."

"Baba watoto, watakaozila ni wenzako. Na wanao Jumapili hula huko huko."

Koplo hakuwa na la kusema. Jioni ile walichuma nyanya zote nyekundu, karibu masanduku mawili kamili, wakazifukia shimoni mbali na kisima. Dodo nayo haikuguswa. Ada ya shule ililipwa nusu mwezi ule, na mtoto wa pili alirudishwa nyumbani siku mbili. Hasara ilikuwa hasara, wala hakuna aliyeipa jina jingine.

Nyanya zilizokuwa mbichi ziliachwa zihesabiwe siku zao. Zilipotimia 14 mama alichuma, akapata sanduku moja tu, nalo likaenda mesi.

Tangu hapo hanunui tena dawa ya kupimiwa katika chupa ya soda. Na koplo, aliyezoea kuandika saa na tarehe katika daftari la zamu, alipigilia ubao mwanzoni mwa mstari wa kwanza. Kila wanapopuliza huandika kwa chaki jina la dawa, siku ya kupuliza, na siku ya kuchuma. Watoto wanaosoma huusoma ubao kwa sauti kabla ya kunyosha mkono. Wasiosoma bado huuliza kwanza.